Ngozi juu ya Maji ya Chumvi

Uvira, tarehe 20 Januari 1957

Kwa Shangazi mpendwa, Mama Capitoline Inamahoro, Baraka

Shangazi,

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, nami natumaini barua hii itakukuta wewe na mume wako Octave katika hali hiyo hiyo, kinu cha mawese kikizunguka na paa la jiko likiwa limekwisha kuezekwa. Nyumbani Runingu nako ni salama. Baba anakohoa kama ilivyo desturi yake wakati wa mvua. Dada yangu Geneviève amejifungua mtoto wa kike, na mihogo ya kando ya mto imeliwa na viboko kwa mara ya pili. Dereva wa kamiyo alinifikishia chupa ya mawese uliyonitumia, kizibo cha jani la mgomba kikiwa kimekazwa vizuri hata tone moja halikupotea. Nakushukuru kwa moyo wote, na nitakueleza ladha yake mara nitakapoifungua.

Sasa niingie katika jambo lenyewe. Wengi waliopata diploma pamoja nami wamekuwa makarani. Mimi nimechaguliwa kuwa msaidizi wa maabara katika kituo cha uchunguzi wa ziwa, na nimekabidhiwa kazi ambayo haijapata kuonekana kwenye ufuko huu: sanduku la kioo lenye maji ya bahari. Sisemi maji ya ziwa letu, Shangazi. Nasema maji ya chumvi, yaliyosafiri ndani ya mapipa ya mbao kwa treni kutoka Daresalamu hadi Kigoma, kisha kwa meli mpaka bandari ya Kalundu. Samaki wake watafuata mwezi ujao. Tarehe 27 Aprili, baada ya Pasaka, wakubwa watatoka Bukavu kuja kuwatazama. Bwana Direkta ametangaza mbele ya wote kwamba nikiwafikisha samaki hao wazima siku ile, atanipendekeza kwa masomo ya juu ya Léopoldville.

Niruhusu nikueleze mpango wa vyombo, kwa maana najua ulipenda masomo kuliko kaka zako. Maji ya chumvi hushika hewa kidogo kuliko maji matamu, na yakipata joto hushika kidogo zaidi. Nawe unalijua joto la Uvira. Kwa hiyo pompa huvuta hewa na kuisukuma kwa mpira mpaka chini ya sanduku, ambako hutoka katika kipande cha mti laini kama povu jembamba. Povu hilo hupanda ndani ya bomba la kioo likiinua maji, maji yakamwagika katika sanduku la pili lenye mchanga na makaa, yakachujwa, yakarudi yenyewe kwa mteremko. Bwana Direkta hufundisha kwamba kazi kubwa ya povu ni kuyageuza maji. Uso wa maji ndio mdomo wake, na hapo ndipo yanapokunywa hewa.

Ndani ya pompa mna duara la ngozi linalopanda na kushuka. Hilo hupakwa mafuta maalumu yaliyotoka Ubelgiji, kichupa kimoja tu, nilichokabidhiwa mimi kwa mkono. Mafuta mengine yote yamekatazwa.

Jambo moja tu linanisumbua. Kabla yangu pompa za masanduku ya samaki wa ziwa zilikuwa mikononi mwa mzee mmoja wa Mulongwe, jina lake Modeste. Hajui kusoma. Nilipokuwa nikiwaeleza wafanyakazi habari ya maji ya bahari, alinyoosha mkono kama mwanafunzi, akauliza: "Weye wa diploma, samaki ya kukaa mu chumvi, ikisikia kiu itaomba nini?" Wote wakacheka. Mimi niliandika jina lake katika daftari langu.

Mwana wa kaka yako,
Hyacinthe Habonimana, Mwenye Diploma, Msaidizi wa Maabara


Baraka, 9 Februari 1957

Hyacinthe mwanangu, weye ambaye sahihi yako ni ndefu kuliko salamu zako,

Sisi tuko. Jiko limeezekwa, ila upande wa mvua fundi alituibia nyasi. Octave aliteleza kwenye ngazi ya mchikichi, akachubuka goti. Sasa anatembea kama bwana harusi. Baiskeli yake nayo ni mgonjwa kuliko yeye, gurudumu la nyuma analitia pumzi kila asubuhi, na ile pompa yake ya zamani inalia kama bata. Unaikumbuka. Likizo zako zote ulikuwa unamshikia.

Nimefurahi juu ya Geneviève. Mwambie mtoto nitamletea mkufu nikija Pasaka.

Kazi yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, na Octave akasema: "Basi maji nayo yana mapafu!" Nimejivuna. Lakini Modeste wa Mulongwe ninamjua. Kabla sijaolewa nilikaa kwa dada yangu kule, mlango wetu ulitazamana na wake. Ni mtu wa mdomo, ndiyo. Anamcheka hata padri. Lakini mwaka ule mto Mulongwe ulipoingia manyumbani, ni yeye aliyesimama ndani ya maji mpaka kifuani akapitisha watoto wa watu mmoja mmoja, wa kwake akiwa wa mwisho. Mpelekee salamu zangu. Mwulize kama bado anakula maharagwe yake ya chumvi. Atajua mara moja zinatoka kwa nani.

Na mafuta? Niliyakamua kwa mkono wangu, hayakupita kwenye kinu. Niambie ulikula na nini.

Masenge wako,
Capitoline


Uvira, tarehe 3 Machi 1957

Shangazi mheshimiwa,

Barua yako ilichelewa siku kumi na moja, kwa sababu barabara ilikatika Makobola, au kwa sababu nyingine ambayo sitaki kuisema bila ushahidi. Natumaini goti la Baba Octave limepona. Nyumbani ni wazima.

Samaki walifika tarehe 16 Februari, kumi na wawili, ndani ya chupa kubwa zilizofumiwa vikapu. Sijapata kuona viumbe wa namna hiyo. Wanne ni wa njano wenye michirizi myeusi, wengine ni wa buluu kama wino wa shule, na mmoja ana pezi lililochongoka kama kisu cha padri cha kufungulia barua. Kwa siku nne walicheza. Siku ya tano asubuhi nilikuta mmoja amelala ubavu. Leo wamebaki tisa.

Nimepima joto na chumvi; vyote viko katika kipimo. Maji yanatembea, povu linatoka. Hata hivyo kila asubuhi samaki wako juu, wamebandika midomo kwenye uso wa maji, mashavu yakifunguka upesi upesi. Wanatafuta hewa ndani ya sanduku lililojaa hewa. Nilipoinama nikatazama kwa ubavu, kuelekea dirishani, niliona juu ya maji ngozi nyembamba sana, kama ile ya maziwa yaliyopoa. Niliitoa kwa karatasi. Kesho yake imerudi. Nikaongeza mwendo wa pompa ili maji yageuke zaidi, na ngozi ikazidi.

Kitu hicho hakiwezi kujileta chenyewe. Watu wenye ufunguo ni watatu: Bwana Direkta, mimi, na Modeste, ambaye huingia kwanza kupangusa sakafu. Nimeanza kufunga uzi mwembamba katikati ya mlango na ukuta. Nimemkuta amesimama mbele ya kioo, mikono nyuma, akiwasemesha samaki. Nilimwuliza anafanya nini. Akanijibu: "Ninawapa pole, mwanangu. Wanahema sawa bibi aliyepanda mulima." Kisha akauliza: "Ile mashine yako, weye unaikunywesha nini?" Nilimwambia pompa naihudumia mwenyewe kila asubuhi na kwamba haimhusu.

Kwa nini aulize habari ya pompa? Nakuomba uyafikiri maneno hayo. Mtu aliyenyang'anywa kazi hafurahii kuona mwingine akifaulu. Salamu zako sikumpelekea, kwa kuwa sikutaka ajue kwamba tunaandikiana.

Hyacinthe Habonimana, M.D., Msaidizi wa Maabara


Baraka, 14 Machi 1957

Hyacinthe,

Kwetu ni wazima, Octave anatembea. Kwaresima imeanza, na Wakatoliki wengine wamepunguza kununua kwangu; ninauzia Waprotestanti na Waislamu, Mungu ni mmoja.

Barua yako ina kurasa nne, umeandika habari ya kisu cha padri, lakini mawese hayamo. Mara ya kwanza nilidhani umesahau. Je, uliyagawa kwa binti wa mtu? Sema tu, sitaona vibaya, mradi ajue kupika. Au chupa ilivunjika? Au yamekuwa machungu? Mafuta yangu hayajawahi kuwa machungu. Mtu asipojibu swali jepesi, mimi huanza kulitazama swali lenyewe.

Nami nakuuliza jingine. Hiyo ngozi juu ya maji ina rangi gani? Ukiisugua katikati ya vidole, inateleza? Chini ya kinu chetu kuna kidimbwi. Siku tukiosha vyungu, vijisamaki vyake vinapandisha midomo kama watoto wanaongoja komunyo.

Na uzi wako wa mlangoni, umekatika hata mara moja kabla weye hujafika? Hukusema.

Masenge wako


Uvira, tarehe 27 Machi 1957

Shangazi,

Salamu. Wote Runingu ni wazima.

Wamebaki sita. Juzi Bwana Direkta alikuja mwenyewe, akachovya kidole juu ya maji, akakinusa. Alisema neno moja tu: "Mawese." Ilikuwa mchana, milango imefunguliwa, na Modeste alikuwa ameketi nje kando ya ukuta akila kwa mkono kutoka katika sahani yake, kama afanyavyo kila siku. Kila mtu aligeuka kumtazama. Mwenyewe alisimama na tonge mkononi akasema, "Minye?" akijigusa kifua kwa mkono wa pili. Halafu hakumtazama Bwana Direkta. Alinitazama mimi.

Bwana Direkta akaniuliza kama nina neno la kuongeza. Nilisema kwamba mimi hufanya kazi kwa kufuata maagizo niliyopewa, na kwamba Modeste ndiye anayeingia kwanza asubuhi. Maneno hayo yote mawili yanaweza kuthibitishwa.

Modeste amerudishwa nyumbani. Ikiwa wageni watakuta sanduku tupu, hatarudi tena, na nyumba ya kituo anamokaa na mke wake itapewa mtu mwingine. Alipokuwa akiondoka alinikabidhi ufunguo, akaniambia: "Chunga pumzi yao." Sikupenda namna alivyolisema.

Kuhusu maswali yako: uzi haukukatika, lakini mtu mjanja anaweza kuufunga upya. Na kuhusu chupa, nakuomba usiandike tena habari zake. Barua hupitia mikono mingi, na maneno yasiyo na madhara yanaweza kusomwa vibaya. Naomba pia unijibu kwa uwazi: je, kuna mtu wa Mulongwe anayekuandikia? Maswali yako yanafanana mno na yake.

H. Habonimana


Baraka, 6 Aprili 1957

Hyacinthe,

Sisi ni wazima. Hizo ndizo salamu.

Hakuna mtu wa Mulongwe anayeniandikia. Mulongwe nzima inajua hili ninalokuambia, na weye ungelijua kama ungempelekea salamu zangu. Mwaka ule wa mafuriko, maji yalipomnyang'anya Modeste binti yake wa mwisho kisha yakamrudisha akiwa hai kwenye matete, aliweka nadhiri. Tangu Jumatano ya Majivu mpaka Pasaka haonji mawese. Hata mboga iliyopita kwenye chungu cha mawese haigusi. Anakula maharagwe na chumvi, na watu wanamcheka: "Modeste, tumbo yako itashika kutu!" Ndiyo maana nilikwambia umwulize habari ya maharagwe. Ulimwona kila siku akila kando ya ukuta. Sahani ilikuwa na rangi gani, Hyacinthe? Weye unayepima chumvi ya bahari, sahani ya mtu hukuitazama?

Na Direkta wako aliyanusa mafuta hayo katikati ya Kwaresima. Basi katika nyumba hiyo ya samaki mna chupa moja ya mawese, nami ndiye niliyeikamua.

Nilifanya siansi yangu. Nilichukua mabeseni mawili ya maji ya ziwa, nikatia vijisamaki vitano vitano. Katika moja nilidondosha mafuta kwa ncha ya unyoya wa kuku. Kabla ugali wa mchana haujaiva, wale watano walikuwa wamepandisha midomo. Wa beseni la pili walikuwa wanafukuzana. Octave akasema nimekuwa Direkta. Halafu hakucheka tena, kwa sababu nilimwomba pompa yake ya baiskeli.

Unajua anachopaka kwenye ngozi ya pompa ile. Yeye ndiye aliyekufundisha, na weye ndiye uliyekuwa unachovya kidole kwenye chungu changu nikikufukuza na mwiko. Nilichukua kitambaa cheupe cha altare nilichokuwa nashona, nikakishika mbele ya mdomo wa pompa, Octave akasukuma. Mara ya kumi kilikuwa na madoa mekundu kama vipele vya tetekuwanga. Mashine inayovuta pumzi, ukiipaka mafuta kooni, itayatema. Na kadiri ulivyoongeza mwendo wake ndivyo ilivyotema.

Sijui kichupa cha Ubelgiji kiko wapi. Hilo ni lako. Sitamwandikia Direkta, sitamwandikia kaka yangu. Lakini Jumamosi Takatifu nitashuka Uvira kwa kamiyo, na nyumba ya kwanza nitakayobisha hodi ni ya Modeste, popote atakapokuwa analala. Nataka nikifika awe amekwisha kusikia kutoka kinywani mwako. Kama hajasikia, atasikia kutoka kwangu, na mimi sitapamba.

Capitoline


Uvira, Alhamisi Kuu, 18 Aprili 1957

Shangazi,

Barua hii anakuletea dereva wa kamiyo, ikukute kabla hujaondoka. Baba bado anakohoa. Mtoto wa Geneviève amebatizwa Bernardine.

Kichupa kilivunjika siku ya pili ya kazi. Nilikiweka kwenye ukingo wa dirisha ili wenzangu wa shule waliokuja kunisalimu wasome maandishi yake, nikakipiga kwa kiwiko nilipokuwa nawaonyesha bomba la kioo. Vipande nilivifukia kwenye mchanga wa ufukoni. Ningeweza kusema siku ile ile. Lakini wenzangu walikuwa wangali mlangoni, na nilikuwa nimekwisha kuwaambia kwamba nimeaminiwa. Ngozi ya pompa ilipoanza kulia, nilikumbuka baiskeli ya Baba Octave.

Nataka uniamini katika jambo moja, ingawa sina haki ya kuomba. Sikujua tangu mwanzo. Nilimshuku Modeste kwa moyo wote, na uzi niliufunga kwa nia safi. Nilijua pale Bwana Direkta aliponusa kidole. Nilijua kabla hajafungua kinywa. Sahani ya Modeste niliiona: maharagwe, meupe ya chumvi. Niliiona na nikasema yale niliyokuandikia.

Jumatatu nilimweleza Bwana Direkta. Hakupaza sauti. Aliniuliza nilikozika vipande, tukaenda naye, nikavifukua mbele yake. Pendekezo la Léopoldville amelichana. Nililiona likichanwa, lilikuwa limekwisha kupigwa mashine. Kisha tuliifungua pompa. Ndani ya mpira wa hewa mlikuwa na utando wa rangi ya chungwa mpaka mwisho, na kile kipande cha mti kilikuwa kimelowa mafuta kama mkate. Tumevitupa vyote viwili. Pompa imeoshwa kwa maji ya moto na majivu, mpira mpya umetiwa, na ngozi itafanya kazi kavu mpaka mafuta mengine yafike. Uso wa maji tuliupangusa kwa magazeti siku mbili, karatasi kwa karatasi. Samaki wamebaki wanne. Tangu jana wanakaa chini, karibu na mawe, midomo imefungwa. Kama watafika tarehe 27 sijui, nami sitakuwa msimamizi wao siku hiyo. Msimamizi ni Modeste. Mimi namchotea maji.

Nilikwenda kwake Mulongwe kabla sijakwenda kwa mtu mwingine yeyote, Jumapili ya Matawi, baada ya misa. Alikuwa kwa shemeji yake; vyombo vya nyumba ya kituo vilikuwa vimekwisha kuhamishwa nusu, na mke wake alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa. Nilisimama uani nikasema yote, mke wake akisikia, shemeji akisikia, na jirani akijifanya anafagia. Nilipomaliza, mke wake akasema, "Mutoto wa masomo!" akatema mate pembeni.  Modeste akauliza tu: "Chupa iko wapi?"

Nilikuwa nimeibeba. Yamebaki mafuta chini ya nusu. Aliichukua, akatoa kizibo chako cha jani la mgomba, akanusa kwa macho yaliyofumbwa, akanusa tena. "Capitoline," akasema. "Hii haikupita kwenye kinu." Akakirudisha kizibo, akakikaza, akaiweka chupa juu ya ukuta mbele ya watu wote.

"Tutaifungua Pasaka," akaniambia. "Weye utaleta maharagwe."

Sikuweza kujua kama amenisamehe, au anataka kuona nitathubutu kuja kukaa sahani moja naye mbele ya Mulongwe nzima. Nimemtazama siku tatu hizi kazini na bado sijui. Ananipa ndoo, ananiambia maji ya leo ni baridi au ni moto, basi. Jana tu, nilipokuwa nimeinama kutazama uso wa maji kwa ubavu, alikuja akainama kando yangu, akatazama naye, akasema: "Imesafika." Akaenda zake.

Maharagwe nimeyanunua. Usikae sana njiani, Shangazi.

Hyacinthe